Saa ya Nyani na Cheti cha Kisima

Paukwa, mlioketi na mliosimama.

Pakawa, Bwana Karani.

Hapo zamani za kale, na kwa usahihi zaidi Jumatatu, tarehe 9 Septemba, Nyani Mwinyimvua bin Ngedere, fundi wa seva ya wanyama, alipachika cheti kipya kwenye tovuti ya kisima. Cheti hicho huihakikishia kompyuta kwamba inazungumza na kisima chenyewe, wala si na Fisi anayejifanya kisima. Kilitolewa saa mbili ya asubuhi ile ile.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi. Asiyejiandikisha tovutini kabla ya saa sita adhuhuri hanywi hadi wiki ifuatayo. Saa tatu akaja Swala, mwanawe ulimi umemkauka. Akabofya. Tii. Yakatoka maneno mekundu: Muunganisho si salama.

"Si salama?" akasema Nyani. "Mwiteni Kifaru alinde."

Kifaru akaja, akasimama mbele ya kompyuta, pembe juu. Tii. Si salama.

"Labda inaniogopa," akasema Kifaru, akarudi nyuma hatua tatu. Tii. Si salama.

"Basi mlango umezibwa," akasema Nyani. "Muunganisho salama hupita mlango namba 443."

Seva ilikaa kichuguuni. Wakahesabu matundu, moja, mbili, tatu, mpaka mia nne arobaini na tatu. Wakachimba. Chaku, chaku, chaku. Akatoka Kakakuona, usingizi umemjaa magambani.

"Unaziba muunganisho, mzee," akasema Nyani.

"Nimezaliwa humu. Na wewe, hata shikamoo huna?"

Nyani akamwamkia. Kakakuona akahama. Tii. Si salama.

Wakaizima seva, wakaiwasha. Tii. Ikafika saa tano na nusu. Mtoto wa Swala akapiga magoti.

"Fundi," akasema Swala, "hayo maneno madogo chini ya mekundu yanasemaje?"

"Madogo hayasomwi, Bi Swala. Ni mapambo."

Swala akayasoma: Cheti hiki kinaanza saa 8:00. Sasa ni saa 5:30.

"Nani aliyeigusa saa ya kompyuta hii?"

Nyani akajikuna. "Mimi, tarehe 2 Juni. Ilikuwa inadanganya. Jua la saa mbili, yenyewe inasema nane. Nikairudisha nyuma saa sita, kwa mkono. Cheti cha zamani hakikulalamika."

"Cha zamani kilianza mwaka jana. Irudishe kwenye uongo wake, mwanangu anakufa."

Nyani akairudisha. Swala akabofya. Kimya. Ukurasa ukafunguka. Akaliandika jina la mwanawe, zimebaki dakika ishirini orodha ifungwe, wakashuka kisimani, wakanywa.

Funzo lake ni hili: soma kosa lote kabla hujashika jembe, wala usisahihishe usichokielewa.

Ngano yangu imefika ukingoni, hapa naiacha.

Wako wanaosimulia kwamba Kobe ndiye aliyeyasoma yale maneno madogo. Hilo si sahihi. Kobe aliitwa tarehe 9, akafika tarehe 12.