Tovuti Iliyofunguka Chumbani Tu

Ndugu zangu, leo sikuja kuwabembeleza. Nina hasira, na mtanisikiliza hivyo hivyo.

Alikuwako fundi mmoja wa tovuti, jina lake Elinihaki, mzee wa kanisa kama baadhi yenu mliokaa hapo mbele. Zahanati ya kata ilimwomba aitengenezee tovuti. Ushirika wa kahawa ukamwomba, kikundi cha wajane nacho pia. Akaigeuza kompyuta yake kuwa seva, yaani mashine inayozitunza tovuti na kumfungulia anayezitaka. Zote tatu zikakaa humo, kila moja na anwani yake. Lakini seva ile ilikuwa ya kufanyia kazi tu. Ilimfungulia yeye peke yake, chumbani kwake. Mtu wa nje hakuona kitu mpaka fundi azihamishie kwenye mtandao.

Kila fundi huanzia hapo. Huyu hakutoka hapo.

Miezi ikapita. Waliomtembelea aliwakalisha mbele ya skrini, wakasifu rangi na picha, naye akawaambia bado anarekebisha kidogo. Mganga wa zahanati alipompigia simu, akajibiwa kwamba kazi iko tayari. Basi mganga akamtumia tarehe ya kuja daktari wa macho, na Elinihaki akaiandika vizuri kabisa. Watu wa milimani wakatangaziwa wasihangaike kushuka bure. Watazame tarehe kwenye tovuti.

Huko mlimani, mwendo wa saa nne, aliishi mama mmoja, Nanzia. Binti yake wa miaka saba alikuwa amevimba jicho. Kila asubuhi Nanzia aliazima simu ya jirani na kuandika anwani ya tovuti ile. Ukurasa haukufunguka. Akadhani simu ni mbovu. Akadhani yeye ndiye hajui kuitumia. Daktari akaja Jumanne, akawatibu waliokaa karibu, akaondoka. Mtoto akapoteza jicho.

Nanzia akashuka na binti yake hadi kwa Elinihaki kuuliza. Fundi akamkaribisha kwa upole, akawasha kompyuta.

"Mama, tarehe ilikuwepo," akasema. "Tazama mwenyewe. Jumanne, saa tatu asubuhi."

Nanzia akaitazama kwa muda mrefu.

"Baba, hii uliiandika ili asome nani?"

Mama akamshika binti yake mkono, wakaanza kupanda mlima.

Siku ile ile fundi akaihamishia tovuti ile kwenye mtandao. Mnajua ilimchukua muda gani? Dakika arobaini! Miezi yote ile, dakika arobaini. Alikuwa anaogopa watu wa nje wasije wakaona kasoro.

Mnamkasirikia? Sasa na sisi? Huruma yetu inafunguka wapi, kama si humu ndani tu? Tunaimba vizuri, tunashuhudia vizuri, tunasifiana mlangoni. Nyuma ya ukuta huu kuna mzee amelala siku ya tatu hajaletewa hata maji, na jina lake tumelisoma kwenye maombi Jumapili mbili mfululizo. Ni nani kati yetu amekwenda? Nauliza tena, ni nani?

Nyamazeni, basi. Leo sifungi ibada kwa sala. Chukueni maji, chukueni uji, twendeni kwa yule mzee sasa hivi, wote. Tutaombea kule kule, kando ya kitanda chake.