Mkono wa Kuazima

Mkono wa kuazima huzikwa na mwenyewe. Jana, tulipokuwa tukianua matanga ya bibi yenu Nakiete, mlinisikia nikilisema neno hilo, mkataka kujua limetoka wapi. Limetoka kwake yeye, na lilianza hivi.

Kaka yetu mkubwa, Eliewaha, alikuwa fundi wa mitambo ya meli huko Ujerumani. Baba alimsomesha kwa kumuuzia Mzee Mkwizu shamba letu la hapa Usangi, lile lenye migomba na kaburi la mama. Kaka hakulisahau. Kila alipopiga simu aliuliza kama kaburi limepaliliwa, na sisi kupalilia kwetu kulikuwa kwa kuomba ruhusa ya kupita kwenye shamba la watu.

Ikafika siku Mzee Mkwizu akaamua kuhamia kwa mwanawe Tanga, akakubali kuturudishia shamba kwa bei ya haki. Kaka hakupata likizo. Basi akaandikisha hati ya uwakili huko huko, ikapigwa muhuri kwenye ubalozi wetu, kisha ikasajiliwa hapa nchini. Hati ile ilimruhusu dada yetu Nakiete kununua na kutia saini kwa niaba yake. Dada aliitunza ndani ya Biblia. Alikuwa akitania kwamba sasa ana mikono mitatu, na huo wa tatu haujui kuosha vyombo.

Asubuhi ya kutia saini, tukiwa tumeshavaa, simu ikaja. Kaka alikuwa ameanguka kazini, amefariki.

Wa kwanza kusema alikuwa binamu yetu Senzota. Hakuwa mtu mbaya; naye alilipenda lile shamba. Alisema tusilie kwanza. Tushuke Mwanga mjini kwa wakili, dada atie saini, tukirudi ndipo tufunge turubai la msiba. Mfanyabiashara mmoja wa mbao alikuwa amekaa mkao wa kula, akilitaka ajenge ghala.

"Muhuri haujui mauti, dada," alisema. "Nani atajua? Ujerumani si Kisangara hapo jirani."

Dada alichukua Biblia yake yenye ile hati. Alijifunga kitenge, tukashuka.

Mzee Mkwizu tulimkuta ameshafika. Nyinyi siku hizi mnasalimiana kwa neno moja mkapita. Zamani mtu hakugusa jambo kabla hajauliza habari za kila aliye mbali. Mzee akauliza za nyumbani, za mifugo, za watoto, na dada akajibu njema. Kisha akauliza:

"Na mwenzetu wa Ujerumani, hajambo?"

Senzota akakohoa. Neno moja tu lingetosha. Dada aliitazama kalamu aliyopewa na wakili, akaiweka mezani.

"Baba, hatunaye. Ametutoka leo."

Wakili aliivuta ile hati polepole, akaikunja, akamrudishia. "Pole sana, mama. Basi na hii haina nguvu tena. Ilikuwa mkono wake. Sasa mpaka apatikane msimamizi wa mirathi."

"Ungesema hajambo tu," Senzota alinung'unika.

"Nikisema hajambo, nitamlilia lini?"

Mzee Mkwizu akavua kofia. Akasema kwamba kungoja mirathi hawezi, safari yake tunaijua, na mnunuzi mwingine yuko mlangoni. "Lakini ubavuni mwa mama yake, mwanangu, chimbeni," alisema. "Nitamwambia huyo mwenye mbao kwamba makaburi siuzi."

Kaka aliletwa. Kabla jeneza halijafungwa, Senzota alinong'ona kwamba ile hati tuihifadhi, huenda siku moja ikafaa. Dada akaitoa kwenye Biblia, akaiweka chini ya kiganja cha marehemu.

"Mkono wa kuazima huzikwa na mwenyewe," alisema, bila kuinua sauti.

Ghala lilijengwa, nanyi mnaliona. Shamba halijarudi hadi leo. Lakini tulipombeba bibi yenu, mwenye ghala alitufungulia lango kabla hatujabisha, tukamlaza ubavuni mwa kaka yake kama alivyousia. Nilimwangalia kabla hatujamfunika. Alikwenda na mikono yake miwili. Ule wa tatu alikuwa ameshaurudisha.

Mkono wa kuazima huzikwa na mwenyewe.