Kikohozi cha Mwenye Pikapu

Wapendwa, mkulima mmoja alikuwa na pikapu kuukuu aliyoachiwa na baba yake. Injini ilikohoa lakini ilikwenda. Tatizo lilikuwa sakafu ya nyuma: mbao zimeoza, hata gunia ukilipakia linachungulia barabara.

Akaenda kuchagua mbao. Paina hakuitazama mara mbili. Mninga akaugonga, akaunusa, akaulaza shavuni.

"Mzee," muuza mbao akamuuliza, "unanunua au unaposa?"

"Naposa," akajibu, "na mahari ninayo."

Akapiga randa, akapiga msasa, akapuliza vumbi, akapiga msasa tena. Akapaka vanishi, ikakauka, akapaka tena. Mpako wa mwisho aliumaliza Jumamosi jioni, mbao zikang'aa kama asali.

Sasa, mwaka ule mvua ilikuwa imegoma. Mbegu zimo ardhini, na ardhi ngumu kama kigae. Jumapili ikatangazwa ibada ya kuombea mvua.

"Mama Tumsifu," akamwambia mkewe njiani, "kwani haiwezi kungoja Jumatano?"

"Nini, mahindi?"

"Mvua. Vanishi bado mbichi, na turubai nikilitandaza juu yake litanata."

Kanisani mchungaji akalia, "Bwana, fungua mbingu!"

"Amina!" watu wakaitikia. Mkulima akakohoa.

"Leo hii, Bwana!"

"Amina!" Akakohoa tena. Mkewe akamtia kiwiko cha mbavu. Lakini yeye moyoni alikuwa na ombi lake: Bwana, fungua, ila usianzie kwangu.

Wimbo wa mwisho haujaisha, ngurumo! Watu wakatoka wakicheza, kina mama wanapiga vigelegele huku mvua ikiwaingia midomoni. Mkulima alitoka mbio, koti kichwani. Alipofika nyumbani, vanishi ilikwisha kufanya madoa meupe kama ukurutu.

"Siku tatu tu!" akalalama. "Mungu alishindwa kungoja siku tatu?"

Mkewe akafika amelowa chapachapa, anacheka. Akaweka kiganja juu ya zile mbao. "Baba Tumsifu, sakafu hii uliitengeneza ibebe nini?"

"Si mahindi?"

"Mahindi yepi?"

Mvua ndiyo iliyojibu, juu ya bati.

Mnacheka, wapendwa. Haya, nani kati yetu hana vanishi mbichi nyumbani? Tunaomba amani, lakini kwanza jirani yule nimwoneshe cha mtema kuni. Tunasema "mapenzi yako yatimizwe," kisha tunakohoa. Na je, Mungu angekisikiliza kile kikohozi? Mzee angekuwa na pikapu nzuri kuliko zote, inabeba upepo!

Madoa yale hayakutoka kamwe. Lakini mavuno yalipofika, magunia yaliyafunika yote, na mzee alipanda juu yake na viatu vyenye matope, akiimba.

Basi tusimame tuombe. Na sisi wenye kikohozi, leo tuitikie kwa sauti.