Pimbi na Kura ya Mikia

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa kisima!

Tulichimba sote.

Pakawa kura!

Wakahesabu mikia.

Basi sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana msimuliaji wenu akikatizwa husahau alipofika, akaanza upya, tukakesha bure.

Hapo kale, kale ambayo hata wazee wa kale waliiita kale, wanyama wa bonde moja kavu walichimba kisima. Tembo alichimba. Nyati alichimba. Chura alibeba tope mdomoni, donge kwa donge. Pimbi naye alichimba. "Nilichimba kidogo nikapumzika sana," alikuwa akisema mwenyewe, "lakini jasho lilikuwa langu."

Maji yalipotoka, wanyama wakasema, "Hatutaki mfalme. Kila jambo tuamue kwa kura." Wakamchagua Bi Tumbili awe mwenyekiti, na Ngiri awe makamu wake. Kura yao ilikuwa hivi: Bi Tumbili huuliza, "Wanaokubali?" Wanaokubali huinua mikia. Mikia ikahesabiwa, neno likapita.

Sasa Pimbi hana mkia. Mtazameni hata leo, nyuma kwake kumekatika kama mkate. Siku ya kura ya kwanza aliinua sikio.

"Wewe unainua nini?" akauliza Bi Tumbili.

"Nainua nilicho nacho, Mama Mwenyekiti."

"Hapa tunahesabu mikia."

"Mikia ilipokuwa ikigawiwa," akasema Pimbi, "mimi nilikuwa nimelala juu ya jiwe naota jua. Nilipofika nikaambiwa imebaki harufu tu."

Wanyama wakacheka mpaka Nyati akashika mbavu. Pimbi akacheka nao. Alikuwa amejifunza kujicheka kabla hajachekwa, maana aliona hivyo huuma kidogo. Lakini sikio lake halikuhesabiwa. Wala mguu wa Chura haukuhesabiwa, wala wa Kaa.

"Mimi utotoni nilikuwa nao mkia," Chura akamnong'oneza Pimbi. "Nilipopata akili ukaniponyoka. Kumbe ningebaki mjinga ningepiga kura."

Kiangazi kikaja. Maji yakapungua. Ngiri akasimama barazani akasema, "Maji hayatoshi. Natoa hoja: wasio na mikia wateke mwisho, wenye mikia wakishamaliza." Kura ikatangazwa ipigwe siku ya pili.

Pimbi akarudi kwenye mawe yake akiwaza. Mwisho wa foleni kuna nini? Kuna tope. Akachuma katani, akaisuka, akaipaka udongo mwekundu, akajifunga kiunoni. Ukawa mkia. Ulikuwa mkia mbaya, umepinda upande kama mpini wa jembe la mvivu, lakini mkia.

Akaenda barazani. Bi Tumbili akautazama. "Umeota lini?"

"Mimi hukawia kukua, Mama Mwenyekiti."

Wakamwandalia nafasi kati ya Punda Milia na Kongoni. Pimbi akavimba kifua. Ndipo Bi Tumbili akauliza, "Wanaokubali hoja ya Ngiri?"

Mikia ikainuka. Punda Milia akamtazama Pimbi. Kongoni akamtazama Pimbi. Pimbi akaona wakimshuku ataumbuka mbele ya watu. Akashika kamba yake kwa nyuma, akauinua mkia wa katani.

Mkia wake ukahesabiwa. Hoja ikapita.

Asubuhi Pimbi akasimama mbele kwenye foleni, akanywa maji safi. Alipogeuka alimwona Chura amesimama mbali, amebeba jani la gimbi. Ndani ya jani walikuwamo wanawe, viluwiluwi, katika maji ya kujaza kifuu kimoja tu. Wanagaragara.

Chura akamtambua. Hakupiga kelele. Hakumtaja kwa mtu. Alisema tu, "Mkia wako umekupendeza, jirani."

Pimbi akatafuta neno la kujicheka asilipate. Akavuta ile kamba, mkia ukaanguka chini mbele ya wanyama wote.

"Mimi ni Pimbi," akasema. "Sina mkia. Nimepiga kura niwanyime maji watoto wa jirani yangu, kwa kamba ya katani. Nilidhani nimekosa mkia tu, kumbe nimekosa na haya."

Ngiri akamsukuma mpaka mwisho wa foleni. Pimbi akaenda. Zamu yao ilipofika, akalichuja tope kwa ile ile katani, tone kwa tone, ndani ya jani la Chura, mpaka viluwiluwi wakaanza kuogelea.

Haukupita muda, Bi Tumbili akarukiwa na chui njiani. Alipona juu ya mti, lakini mkia ulibaki mdomoni mwa chui. Akafika barazani anachechemea, akataka kuketi kwenye kiti chake.

Ngiri alikuwa ameshakaa. "Samahani, Mama. Asiye na mkia hana kura, na asiye na kura haketi hapa. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Foleni yako ni kule."

Bi Tumbili akaja nyuma, kichwa chini. Kaa akacheka. Chura akasema, "Acha aonje."

"Hata mimi nina hamu achekwe mwingine badala yangu," akasema Pimbi. "Lakini tukimcheka huyu, tumekubali kwamba mkia ndio mtu. Nani atakwenda nami?"

Wakaenda wote, Bi Tumbili katikati yao. Pimbi akasimama barazani.

"Jamaa zangu, mimi si msemaji. Mnanijua, mimi ni wa kulala kwenye mawe. Nawauliza moja tu. Huyu mama jana alikuwa na akili, leo hana? Chui amekula mkia au amekula akili? Kesho atamrukia mwingine. Tuacheni mikia. Tuweke mitungi, kila mmoja atie kokoto moja. Kokoto hata Kaa anaibeba."

Punda Milia akageuka akautazama mkia wake. Kongoni akautazama wake. Kisha Twiga akauinua mkia wake kukubali, akafuata Punda Milia, akafuata Kongoni, wakafuata wengi. Ngiri akaondoka mbio kwa hasira, na mnajua Ngiri akikimbia mkia wake husimama wima. Wakauhesabu nao.

Kura ya kwanza ya kokoto iliamua kwamba wenye watoto wachanga ndio watakaoteka mwanzo. Ya pili ilikuwa ya kumchagua mwenyekiti. Chura aligombea. Pimbi naye akagombea. Mtungi wa Chura ukajaa. Mtungi wa Pimbi ulikuwa na kokoto moja.

"Pole, baba watoto," akasema mkewe. "Mimi nilimpa Chura."

Pimbi akaitoa ile kokoto yake, akaitazama, akacheka. Safari hii hakucheka kwa kujikinga. "Nimeshindwa," akasema. "Lakini nimehesabiwa."

Hadithi inatufunza hivi: haki inayopimwa kwa umbo la mtu hukaa kwa mtu mpaka chui apite. Na anayejibadili umbo ili apokelewe, hugeuka fimbo ya kuwapigia wenzake.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipochoka. Mwenye kusikia amebeba, aliyelala ameacha. Mimi nawaachia hadithi, nanyi niachieni njia nikalale.