Joho la Mzee Shemdoe

Mzee Shemdoe alibomoa sakafu ya bafu lake dogo la ghorofani ili aweke bomba la mvua na marumaru. Fundi Kilua akataka kwanza kupaka dawa ya kuzuia maji yasipenye.

"Dawa ya nini? Wewe bandika marumaru!"

Mwanajumbe, mpangaji wa chini, akapanda ngazi. "Baba mwenye nyumba, ukioga wewe, kwangu kunanyesha."

"Hakuvuji! Unamwaga maji mwenyewe halafu unanisingizia."

"Basi labda nimekosea, baba. Lakini vumbi hili! Joho lako la kumwozeshea binti yako Ijumaa hii litapona kweli? Nipe nikutunzie chini."

Mzee akampa, tena akamsifu kwa adabu yake. Kilua akamwaga ndoo tatu za maji kuosha sakafu. Hapo Mzee akashtuka, akaita kutoka ngazini:

"Mwanajumbe! Joho umelitundika wapi?"

"Chini ya bafu lako hasa, baba."

Mzee akateremka ngazi mbilimbili huku akipiga kelele: "Kilua, kausha maji! Paka dawa! Paka mara tatu!"

Alilikuta joho kabatini, kavu, linanukia udi.

"Mbona mbio hivyo, baba?" Mwanajumbe akauliza. "Si hakuvuji?"