Turubai la Sare

Sogeeni karibu, kisa hiki si cha kupigiwa kelele. Mkinijibu "kilete" nakileta. Mkinyamaza, nakileta vilevile.

Mtaani kwetu Korogwe walikuwepo marafiki watatu. Somoe alikuwa na jicho: kitu kimelala, yeye anakiona kimesimama. Hidaya alikuwa na ulimi: angekuomba jino, ungempa. Tabu alikuwa na mikono: akishona, uzi huuoni.

Basi Bi Kidawa anamwoza bintiye, Saumu. Na nyie mnatujua kwa sare: kila harusi gauni jipya, kitambaa kimoja kwa wote, livaliwe siku moja tu, kisha likalale sandukuni na mende. Asiye na sare, jikoni! Bi Tausi, shangazi yake Saumu, masufuria yalimjua kuliko ndugu zake.

Bi Kidawa akawaambia wale watatu, "Nipambieni uwanja, watu waseme."

Somoe akachora turubai la kuungwa kwa sare za harusi zilizopita, ili kila atakayeinua macho aone alichokivaa mara moja akakisahau.

Hidaya akazunguka nyumba kwa nyumba. "Bibi wee, nipe za zamani, nawakusanyia yatima." Uongo mtupu! Masanduku yakafunguka.

Tabu akaunga kipande kwa kipande. Gauni la mama mkwe wa Saumu, lile la zari, nyuzi za dhahabu, alilitambua vizuri sana. Akalishona katikati, juu ya kiti cha bibi harusi.

Siku ikafika. Wanawake wameketi na sare mpya, wanajipepea. Mmoja akatazama juu.

"Hee! Lile si langu?"

"Na lile lako la harusi ya Mwanaidi!"

"Hidaya, si ulisema za yatima?"

Ngoma ikanyamaza. Mama mkwe akatazama juu, akaitazama sare aliyoivaa, akainuka akaenda mpaka jikoni. Akamshika mkono Bi Tausi na kanga yake iliyopauka, akamketisha mkeka wa mbele. Tangu hapo kwetu sare imekwisha; unakuja na nguo uliyo nayo.

Lakini Saumu alilia. Harusi yake ilipita kimya kama matanga, hakuna aliyempigia kigelegele.

Bi Kidawa akaweka cherehani mpya barazani. "Ni moja. Aliyefanya kazi kubwa aichukue, na huyo huyo akampigie magoti mwanangu."

Mlidhani watagombana? Wapi! Na wote watatu wanashonea cherehani ya kuazima.

"Achukue Tabu," akasema Somoe. "Mimi ndiye niliyeichora ile aibu."

"Mimi niliwadanganya watu kwa jina la yatima," akasema Hidaya, na ulimi wake siku hiyo ulikuwa mzito.

Tabu hakuinua uso. "Pale katikati ningeweza kuweka gauni la mtu mwingine."

Bi Tausi alikuwa mlangoni anawasikiliza. "Kumbe mnajuta kunitoa jikoni?"



Cherehani ingali barazani, na Saumu hajaombwa radhi. Msinitazame mimi, mie nimeleta kisa tu. Je, ingekuwa wewe, ungemkabidhi nani?