Kokoto Nyeupe ya Bi Amata

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika milima ya Habeshi ya kale waliishi ndugu wa tumbo moja, wacha Mungu wote wawili, wasioweza kusali pamoja. Dada mtu, Bi Amata, aliitukuza Sabato ya Jumamosi kama Torati ilivyoamuru. Mdogo wake, Tekle, alistarehe Jumapili kwa heshima ya ufufuo wa Bwana. Walibishana kwa aya hadi sauti zikawakauka, kisha kila mmoja akashika upande wake wa mlima. Lakini damu nzito kuliko maji. Tekle alikuwa na dua moja tu: kabla ya kufa, apate siku moja ya kusali na dada yake.

Mwaka mmoja ukungu ulifunika mlima hata jua likasahaulika. Tekle akapata habari kwamba dada yake anaumwa homa peke yake pangoni, akaenda kumuuguza. Bi Amata alihesabu siku kwa kokoto saba, kila alfajiri akihamisha moja toka kibuyu hiki kwenda kile. Ya mwisho, nyeupe, ndiyo Sabato. Tangu augue, kokoto hazikuguswa.

Asubuhi moja Bi Amata alifumbua macho. Ukungu ulikuwa ukiingia pangoni polepole kama moshi wa ubani, na sauti yake ilitoka mbali.

"Mdogo wangu, leo siku gani?"

Ilikuwa Jumamosi. Tekle alijua kwamba akitamka Ijumaa, neno hilo moja tu, Sabato ya dada yake ingeangukia Jumapili mpaka kaburini, na dua yake ingekuwa imejibiwa. Shetani hakumjia na pembe siku ile. Alimjia na mapenzi. Tekle akalia.

"Leo ni Sabato yako, dada," akasema, akampa kokoto nyeupe.

Bi Amata aliishika kiganjani. "Ungeweza kunidanganya."

"Ningeweza."

Siku hiyo Bi Amata alipumzika, na Tekle akala mkate mkavu kwa sababu dada yake hakutaka moto uwashwe siku ya Sabato.

Kesho yake Tekle aliamka kwa ajili ya Jumapili yake. Akamkuta dada yake amekwisha kunawa, ameketi, jiwe la kusagia halijaguswa.

"Dada, leo si siku yako."

"Naijua siku yangu. Jana ulinirudishia. Leo nimekuja kuketi katika yako."

Wakasali pamoja.

Watu wa pande zote mbili, walipokosa siku mbili harufu ya moshi wa pangoni, walidhani Bi Amata amefariki. Wakapanda pamoja, wamebeba sanda, wakawakuta wawili wale wakigawana mkate mgumu.

Ubishi wa siku haukwisha. Mpaka leo wenye aya wanazo. Lakini dua ya Tekle uongo ungeiua, nao ukweli ukaijibu. Mola atujalie ukweli wake.